Mwaka mzima na dayati ya protini nyingi ya CSIRO: yaliyonifaa, na yale nlobadilisha

Saa tisa ya usiku ndo ilikuwa saa yangu mbaya. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Adelaide, Australia, usiku nne kwa wiki, na ikifika saa tisa wazee wamelala, umeshazunguka vyumba vyote, umegeuza wa kugeuzwa, miguu inauma, na pale chumba cha wafanyakazi kuna bati la biskuti na mkate mweupe na siagi na jamu, bure, kula utakavyo. Nlikuwa nakula slesi nne bila kuhisi nimekula kitu, alafu saa kumi na moja njaa ishafika tena. Miaka sita hivo. Nlikuja nchi hii na kilo 71, mwaka jana mwezi wa pili nikapanda mizani ya dakta ikasoma 93.1, na mie urefu wangu ni sentimita 162 tu. Damu ikarudi na trigliseraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, 2.1, sukari nayo iko mpakani. Dakta akanambia hujawa mgonjwa wa sukari bado, lakini njia ulioshika ndo hiyo.

Basi nayoieleza hapa ni dayati, yaani mpango wa kula, nliyoifata baada ya siku ile, inaitwa CSIRO Total Wellbeing Diet. Naiandika kwa Kiswahili manake tuko wengi huku, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, tunafanya kazi hizi hizi za usiku, tunanenepa pamoja, na kila anayeniona sasa ananiuliza nakunywa chai gani. Hakuna chai. Ni chakula, na mizani ndogo ya jikoni.

CSIRO ni shirika la utafiti la serikali ya Australia, lipo tangu 1926, ndio hao walioshirikiana na benki kuu kutoa noti za plastiki mwaka 1988, na teknolojia ya Wi-Fi pia ina mkono wao mkubwa. Wana watu wa lishe hapa hapa Adelaide, na mwaka 2005 wawili wao, Manny Noakes na Peter Clifton, wakaitoa hii dayati kama kitabu, kikanunuliwa zaidi ya nakala milioni moja. Siku hizi wana pia programu ya onlaini ya wiki 12 ya kulipia. Mie sikulipia, nliazima kitabu maktaba, nikaenda nikaongeza muda mara tatu, na karatasi ya menyu nikaibandika mlangoni mwa friji.

Mpango wenyewe ni hivi. Kiwango cha chini ni kama kilojuli 5,500 kwa siku, yaani kama kalori 1,300 hivi. Asubuhi nafaka ya nyuzinyuzi na maziwa yasiyo na mafuta, mchana slesi mbili za mkate wa ngano nzima na gramu 100 za samaki au kuku au mayai, na usiku ndo penyewe, gramu 200 za nyama isiyo na mafuta, zimepimwa ikiwa mbichi, na mboga hadi uchoke. Matunda mawili. Maziwa au yogati mara mbili au tatu kwa siku. Mafuta ya kupikia vijiko vitatu vidogo, siku nzima. Nyama nyekundu ni usiku nne kwa wiki, samaki usiku mbili angalau. Kuna sehemu ya ham, yaani nyama ya nguruwe, na sehemu ya glasi ya mvinyo, sisi Waislamu tunaruka tu, hapaharibiki kitu, nliweka tuna ya kopo mahali pa ham.

Ukijumlisha, protini inafika kama gramu 110 kwa siku. Kwa mtu kama mie niliyekuwa naishi kwa chai ya maziwa na mahamri na wali, hiyo ni mara mbili ya nlichozoea, pengine zaidi.

Sasa, kabla sijaanza nikauliza swali moja, hawa watu wamejuaje? Manake kila mtu anayeuza kitu cha kupunguza mwili anasema utafiti umesema. Nina binti yuko mwaka wa pili chuoni, nikamwambia nitafutie huo utafiti wenyewe, nisomee, usinisomee tangazo. Akakaa na mie jikoni Jumamosi nzima. Na hapa ndo ningependa mtu asome polepole kidogo, kwa sababu hapa ndo mie nliamua.

Utafiti walitoa mwaka huo huo 2005. Wanawake 100, wanene, umri wa wastani miaka 49, wiki 12. Wamegawanywa makundi mawili, wote wanakula kilojuli zile zile 5,600, mafuta sawa asilimia 20, tofauti ni kwamba kundi moja protini ni asilimia 34 ya nguvu yote ya chakula na jingine asilimia 17, lile la pili linajazia na wanga. Baada ya wiki 12, wa protini nyingi walipungua kilo 7.6, wa wanga mwingi kilo 6.9. Binti yangu akanambia mama, kitakwimu hiyo ni sare. Nikamwambia rudia. Akarudia. Ni sare.

Nlinyamaza kidogo, nakwambia kweli. Nlifikiri basi ni uongo mwingine. Lakini akaendelea kusoma akafika kwa wale wanawake ambao trigliseraidi zao zilikuwa juu ya 1.5 tangu mwanzo, hao wa protini nyingi walipoteza kilo 6.4 za mafuta ya mwili, na wenzao wa wanga mwingi kilo 3.4. Hiyo si sare. Nikatoa karatasi yangu ya damu kwenye droo. 2.1. Yaani nlihisi kama kuna mtu amenifungulia mlango akaniita kwa jina, manake katika ule umati wa wanawake mia mie najua kabisa ningekuwa upande gani.

Kwa hivyo mtu akikuuliza dayati ya protini nyingi inapunguza kuliko nyingine, jibu la haki ni kwamba ukilinganisha kalori kwa kalori, kwa watu wote, tofauti ni ndogo sana, na kwa watu ambao mafuta ya damu yako juu, kama mie, inasaidia zaidi. Hilo lingeandikwa hivo hivo ningeridhika. Lakini dayati ilitangazwa kwa maneno "imethibitishwa kisayansi", na jarida la sayansi la Nature mwaka 2005 mwezi wa 12 likawakosoa hadharani kwa neno hilo, likasema walichopata kinawahusu baadhi tu ya watu. Na kuna jambo la pili, utafiti ulipata pesa kutoka Meat and Livestock Australia, hao ni shirika la wafugaji wa ng'ombe na kondoo. Mie sisemi kwamba nambari zilipikwa, nambari wamezitoa wazi na ile sare wameiandika wenyewe, mtu anayetaka kudanganya haandiki sare. Lakini ukiona menyu inakupa gramu 200 za nyama nyekundu usiku nne kwa wiki, ni haki yako kujua nani alichangia gharama.

Na si wao peke yao waliofanya utafiti wa namna hii. Marekani, Boston na Baton Rouge, walichukua watu 811 wakawapa dayati nne tofauti kwa protini na mafuta na wanga, miaka miwili, majibu yalitoka 2009, na kupungua kulikuwa karibu sawa kwa wote. Alafu Ulaya nchi nane, utafiti unaitwa Diogenes, ulitoka 2010, na huu ndo ulinigusa, manake wao hawakuuliza nani atapungua, waliuliza nani hatarudi alikotoka. Watu 773 walioshapungua kama kilo 11 wakapewa dayati tano tofauti kwa wiki 26, wale wa protini kidogo na wanga wa kupandisha sukari haraka ndo walirudisha uzito wa maana, na wale wa protini nyingi na wanga wa taratibu hawakurudisha. Na waliokata tamaa wakaacha, kwa wale wa protini nyingi ilikuwa kama robo, na kwa wale wa mwanzo zaidi ya theluthi. Yaani watu waliweza kukaa nayo. Kwangu mie hilo ndo la muhimu kuliko kilo, manake nishapungua mara tatu maishani na nimerudisha mara tatu.

Haya, tuingie jikoni.

Wiki ya kwanza nliikosea mwenyewe. Nlifuata nyama nikaacha mboga, nikala nyama na yogati na tuna kwa siku nne, tumbo likafunga kabisa, kichwa kinauma, mdomo una harufu. Nikarudi kusoma karatasi, kumbe mboga ni angalau vikombe viwili na nusu kwa siku, si mapambo, na nafaka ya asubuhi ya nyuzinyuzi ina kazi yake. Nilipoanza kula sukuma na kabeji na brokoli kwa bakuli, na maji ya kutosha, siku tatu tumbo likawa sawa na halijawahi kunisumbua tena. Ukianza, usiruke mboga, nakuomba.

Nyama yenyewe. Mwanzo nlidhani najua gramu 200 ni kiasi gani. Nikaweka kwenye mizani kile ambacho mie ningeita kipande cha mtu mmoja, mizani ikasoma 340. Nikakata, nikakata tena, ikabaki kipande kama kiganja changu bila vidole, unene wa kidole kidogo. Ukikipika kinanywea kinabaki kama 140. Lakini ukikiweka kwenye sahani na kachumbari ya nyanya na kitunguu na pilipili na ndimu, na sukuma wiki ilokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, sahani inajaa. Bwanangu na watoto wanakula hiyo hiyo nyama na wali wao pembeni, sikupika sufuria mbili, na hilo ndo jambo jingine zuri la mpango huu, haukutengi na watu wako mezani.

Sasa ile saa tisa ya usiku. Mie chakula changu kikubwa nilikisogeza, badala ya kula nyama usiku nyumbani nakula saa mbili kabla sijatoka kwenda kazini, na ile gramu 100 ya mchana naibeba. Kopo la tuna la gramu 95, lile dogo la hapa, lina protini kama gramu 20, nafungua saa nane na nusu, na kikombe cha yogati nzito isiyo na sukari, na tufaha. Wiki ya pili, Alhamisi, nakumbuka vizuri, nlimaliza kuzunguka vyumba nikaketi pale, bati la biskuti liko mbele yangu, na nikaangalia saa ikawa saa kumi na nusu. Njaa haikuja. Nikakaa naingoja. Sikujizuia, sikupigana na nafsi, haikuja tu. Nlitokwa na machozi pale peke yangu, kwa sababu miaka yote ile nlidhani ni tabia yangu mbaya, nlidhani sina subira, kumbe mwili ulikuwa unatafuta kitu ambacho kwenye mkate na biskuti hakimo.

Kuna wataalamu wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, wako Chuo Kikuu cha Sydney sasa, wao walianza na nzige, wakaona nzige anakula mpaka apate kiasi chake cha protini, ukimpa chakula chenye protini kidogo atakula kingi zaidi ya mahitaji yake ili tu afikie kile kiasi. Mwaka 2005 wakaandika kwamba huenda binadamu naye ana hali hiyo. Sijui kwa wengine, lakini mie usiku ule nlielewa ile habari ya nzige vizuri kuliko nesi yeyote aliyewahi kunipa mawaidha. Na kuna hili pia, protini mwili unatumia nguvu nyingi kuimeng'enya, kama asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake zinaishia hapo hapo, wanga ni 5 hadi 10, mafuta ni kidogo sana. Si kitu cha kukupunguza peke yake, lakini kinaongezea.

Matokeo yangu kwa wiki 12, nliandika kila Jumatatu asubuhi: 93.1 mpaka 86.7. Kilo 6.4. Wiki ya kwanza na ya pili zilitoka tatu kwa mpigo, nyingi ni maji, usifurahie sana, alafu ikawa nusu kilo nusu kilo, na wiki ya nane haikusogea kabisa. Kiuno kilipungua sentimita 9. Trigliseraidi kutoka 2.1 mpaka 1.4, na dakta akaniangalia akaniuliza umefanya nini. Kwenye ule utafiti wao vitamini B12 ilipanda kwa wa protini nyingi na ikashuka kwa wenzao, na kweli yangu ambayo ilikuwa chini kidogo ilirudi sawa bila vidonge.

Bei. Hapa lazima niseme bila kuficha, hii dayati ni ghali. Nlikuwa natumia kama dola 80 kwa wiki kwa chakula changu mie, ikapanda mpaka kama 115. Nyama isiyo na mafuta ndo inayokula pesa, na nyama ya halali isiyo na mafuta zaidi. Nafanya kazi na dada mmoja wa Bukavu, Kongo, tulianza pamoja, siku ya kwanza aliangalia sahani yangu akaniuliza, "Dada, bugali iko wapi?" Nikamwambia leo haipo. Alikaa wiki tano, akapungua kilo tatu, akaacha, na hakuacha kwa sababu ya uroho, aliacha kwa sababu kila mwezi anatuma pesa nyumbani kwa watu saba na hawezi kula steki huku wao wanangojea. Nlimwelewa. Na pale ndo nikaanza kuibadilisha, kwa sababu mpango wa chakula ambao mtu wa kipato chetu hawezi kuushika mwaka mzima, hata uwe na utafiti wa aina gani, haujatengenezwa kwa ajili yetu.

Tulivyobadilisha ni hivi. Usiku mbili nyama nyekundu badala ya nne. Usiku tatu samaki, na samaki wa barafu ni sawa kabisa, mie napika wa kupaka lakini tui la nazi naweka vijiko viwili nachanganya na yogati, ladha inakaribia, si ile ile, inakaribia. Usiku moja kuku kifua. Usiku moja pojo. Gramu 100 za pojo kavu zina protini kama gramu 24, ila zina wanga gramu 60 hivi, kwa hivyo siku ya pojo hakuna mkate mchana wala chapati, pojo ndo wanga wako. Mayai ni rahisi kuliko nyama, kila moja gramu 6. Na dagaa, jamani, dagaa! Wakavu gramu 100 zina protini zaidi ya gramu 50, wanauzwa kwenye maduka ya Waafrika hapa, dada wa Bukavu anawaita ndagala, anawaosha maji moto mara mbili kutoa chumvi alafu anapika na sombe, yaani majani ya muhogo, mawese anapunguza. Alirudi kwenye mpango kwa njia hiyo, na gharama yake ilishuka mpaka karibu na ile ya zamani. Mpaka leo yuko nayo.

Na hiyo ya kupunguza nyama nyekundu si bei peke yake. Gramu 200 mara nne ni gramu 800 mbichi kwa wiki, na World Cancer Research Fund, shirika la utafiti wa saratani, wanashauri usizidi gramu 350 mpaka 500 ilopikwa, ambayo ni kama 525 mpaka 750 mbichi. Kwa hivyo ukifuata menyu ya mwanzo ilivyo unapita kidogo. Na mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za viwandani, soseji na ham na beikoni, kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kundi la vinavyoelekea kusababisha. Babangu mdogo alikufa kwa saratani ya utumbo mkubwa, kwa hivyo hili mie silichukulii juu juu. Protini haijali imetoka wapi, samaki na mayai na pojo zinakufikisha.

Nani asiifate bila kuongea na dakta: mwenye ugonjwa wa figo, huyo kabisa asijaribu, figo zilizochoka hazitaki mzigo wa protini. Mwenye gauti, yaani jongo. Mjamzito na anayenyonyesha, huu si wakati wa kupunguza kalori. Na mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, manake ukipunguza wanga ghafla na dawa ni ile ile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Jirani yetu mmoja hapa alianza bila kumwambia mtu, mumewe alimkuta ameketi sakafuni bafuni anatetemeka na jasho. Walimwahi. Dakta akampunguzia dawa, sasa anaendelea vizuri, lakini mambo yangeweza kuwa mengine. Tafadhali sana.

Ramadhani ndo ilikuwa mtihani. Futari ya kwetu Mombasa unaijua, kaimati, viazi vya nazi, mkate wa sinia, uji, na mtu anakuletea sahani huwezi kuirudisha tupu. Nlipanda kilo 1.9 mwezi ule. Lakini niligundua kitu, siku ambazo daku nlikula mayai mawili na yogati na slesi moja ya mkate mzito nlifika magharibi nina utulivu, nafuturu kwa tende na supu naswali ndo narudi mezani, na siku ambazo nlikula daku wali wa jana, saa nane mchana kichwa kinazunguka na magharibi navamia. Nliziandika siku zote thelathini kwenye kalenda. Baada ya Idi nikarudi kwenye mpango, wiki tano zile kilo zikatoka.

Kuhusu muda mrefu, wale wale wa CSIRO waliwafuatilia wanawake 79 kwa wiki 64, matokeo yakatoka 2008, na mwishoni makundi yote mawili yalikuwa chini kwa kilo nne na kitu, sawa kwa sawa, ila wale waliokuwa kweli wanakula protini zaidi, bila kujali waliwekwa kundi gani, ndo walikuwa wamepungua zaidi. Mie naisoma hivi, karatasi ya friji haipunguzi mtu, kinachopunguza ni kile kilichoingia kwenye sahani mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja, wakati hamasa ishaisha na hakuna anayekusifu tena.

Leo ni mwaka na wiki mbili. Niko 87.9. Yaani toka ile wiki ya 12 nimerudisha kilo moja na kidogo, na sijapungua zaidi, na nafahamu kwa nini, chapati za Jumapili zimerudi na mafuta sipimi tena. Kwa viwango vya dakta bado mie ni mnene. Lakini sukari imetoka pale mpakani, napanda ngazi za kazini bila kushika chuma, na kile kiatu cha kazi ambacho kilikuwa kinanibana jioni sasa nafunga kamba mpaka tundu la mwisho. Wiki ijayo narudia damu, na mizani nishaitoa kabatini nimeiweka tena kando ya jiko. Dada wa Bukavu ameniletea mfuko wa ndagala, nusu kilo, amesema tuanze tena Jumatatu pamoja, yeye mboga, mie mayai.